Tiketi ya Gulwe

Jumamosi walipiga kantri Kongwa,
uwanja wa mnada, ng'ombe wamekwisha kununuliwa,
samadi bado mbichi, na jukwaa lenyewe
ni tela la trekta, matairi yamezuiwa kwa mawe.
Ndahani akapanda, kofia pana, buti za mtumba,
akaita "Mbukwenyi!" kama anayeita mvua,
tukaitika mpaka mbwa wa mabucha wakabweka.

Sikuja kwa muziki. Nilifuata mishikaki.
Lakini yule kijana wa gitaa
alipoburuza shingo ya chupa juu ya nyuzi,
sauti ikapinda, ikalia kama bawaba ya zizi
alfajiri, ndama hawajaachiwa.
Kando yake mama mmoja wa Mvumi na zeze lake.
Hakuna aliyekuwa amemwambia huu ni muziki wa mbali;
aliuingia tu
kama mtu aingiavyo jikoni kwake.

Wimbo wa tatu, umeme ukakatika.
Hawakusimama.
Waliimba habari za mchungaji
anayehesabu kundi kila jioni,
na kila jioni anapungua mmoja,
na mmoja huyo ni yeye.
Nikacheza. Mimi, karani wa benki, goti bovu,
nikacheza na mnunuzi wa ngozi nisiyemjua jina,
vumbi likatupanda hadi kwenye kope.

Baba angeipenda siku ile.
Miaka kumi na tisa alikula mshahara wa ranchi;
kofia yake iko msumarini mpaka leo.
Kila Krismasi, pilau ikishashuka tumboni, alisimulia:
stesheni ya Gulwe, kabla hajamwoa mama,
mwanamke mwenye koti la kijivu.
Alikata tiketi mbili, moja akaichana katikati,
akampa kipande. "Ukirudi tutaiunga."
Treni ikaondoka. Hakukimbia.
Alivua kofia tu, mvua ikamnyeshea.
Sisi watoto tulilia,
tukamchukia mama kidogo
kwa kutokuwa yule.

Jumapili, gitaa bado linavuma masikioni,
mpwa wangu Nyemo akachomeka flashi kwenye runinga.
"Shangazi, ya Hollywood hii, nzee kuliko bibi.
Haina hata rangi."
Nilikuwa nasinzia.
Ndipo ikaja stesheni, na moshi,
na mwanamke mwenye koti la kijivu
(humo kila kitu ni kijivu),
na mwanamume dirishani, anakata tiketi.
Mbili.

Niliketi wima.
Akaichana moja.
"Shangazi, unalia?"
"Silii. Nyamaza."
Kofia. Mvua.

Ee baba, mwizi wa mifugo!
Sinema nzima uliiswaga usiku,
ukaivusha bahari,
ukaitia chapa ya Kongwa kwenye paja,
ukatulisha maziwa yake miaka yote ile.

Nikampigia mama. Alikuwa akianika mlenda.
"Mama, baba alipata kumsindikiza mtu Gulwe?"
Nikasikia ungo ukiwekwa chini.
"Gari la sinema lilikuja ranchi," akasema,
"shuka jeupe wakalitundika ukutani mwa josho.
Mimi nilikaa ubavuni pake.
Alilia mpaka bega langu likalowa.
Alipoanza kusema ni yake,
ningembishia nini?
Aliisimulia vizuri kuliko wao."

Kimya. Jogoo wake akawika kwenye simu.
Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia,
ya msichana aliyekaa kwenye nyasi:
"Hivi, yule mwanamke alirudi?
Mashine yao iliungua kabla ya mwisho."

Nyemo alikuwa amesimamisha picha,
rimoti mkononi, ananitazama.
Nikaisogeza simu kwenye runinga.
"Subiri, mama," nikasema.
"Hata mimi sijui."